Pumzi ya Daktari wa Mapafu

Svendborg, 10 Februari 1998

Baba mpenzi,

Salamu nyingi. Mguu unaendeleaje? Unafika kwa mwoka mikate bila kusimama? Mimi mzima, ila leo nimeumbuka.

Muuguzi mkuu amenipa darasa la wagonjwa wanaotaka kuacha sigara. Usicheke, bado. Nikaleta kile kifaa cha kupima moshi kwenye pumzi, nikawaambia, "Tazameni mapafu ya mtu safi." Sikuwa nimevuta tangu asubuhi, nikadhani saa tatu zinatosha. Nikapuliza. Ishirini na nne, na asiyevuta hapiti sita! Mzee Villads, fundi mstaafu, akajipiga paja: "Dada muuguzi, umetushinda wote!"

Unakijua chumba chetu cha kuvutia sigara nyuma ya jiko la wodi. Daktari bingwa anakuomba kiberiti kama mwenzake, na habari zote za hospitali zinaanzia pale. Ukiacha sigara unabaki wewe na kahawa yako.

Darasa limeamua niendelee kufundisha, ila kila Jumanne nipulize mbele yao. Nimekubali. Wewe uliacha Mwaka Mpya, nami nitakuiga.

Mwanao,
Solveig

Ærøskøbing, 16 Februari

Mwanangu,

Barua imenikuta salama, isipokuwa mguu unanisimamisha kila baada ya nyumba nne. Nimecheka hadi jirani akagonga ukuta. Saa tatu! Na wewe ni binti wa daktari wa mapafu! Moshi ule unakaa kwenye damu kutwa nzima.

Upasuaji wa mshipa wa mguu ni tarehe 2 Aprili. Atanipasua Tarp, niliyemfundisha mwenyewe. Anasema hagusi mshipa wa mvutaji, maana unaziba tena na mguu unaweza kukatwa. Nikamwambia nimeshaacha. Alitaka kunipima, kisha akaona haya. Kijana ana adabu.

Baba

Svendborg, 25 Februari

Baba mpenzi,

Natumai hujambo. Mimi jana nimepuliza kumi na tano, darasa likanipigia makofi.

Hiyo adabu ya Tarp imeninyima raha. Nakutumia kifaa kwa posta. Puliza, uniandikie namba. Nakupenda, sitaki ukatwe mguu kwa sababu mtu alikuonea haya.

Mwanao,
Solveig

Ærøskøbing, 28 Februari

Mwanangu,

Sijambo kabisa. Namba ni mbili. Kifaa nakirudisha leo. Umeridhika?

Baba

Svendborg, 4 Machi

Baba,

U hali gani? Kifaa nimekipata, ahsante. Betri yake iko hapa mezani kwangu. Niliitoa wakati wa kukifunga, nikasahau kuirudisha. Kifaa hicho kilikuwa hakiwezi kuonyesha hata sifuri. Hiyo mbili umeisoma wapi?

Sijakasirika. Hapana, nimekasirika sana. Nimelia, nikacheka, nikatamani sigara, nisivute. Jana nimepata tisa.

Darasani tuna kifaa kingine cha zamani, kwa hiyo hiki nakirudisha kwako, safari hii na betri yake. Niambie ukweli kabla Tarp hajashika kisu.

Solveig

Svendborg, 24 Machi

Baba,

Mzima wewe? Wiki tatu kimya. Upasuaji ni wiki ijayo. Nisipopata barua hadi Ijumaa, nampigia Tarp mwenyewe.

Mwanao

Ærøskøbing, 26 Machi

Mwanangu mpenzi,

Mimi mzima, na usimpigie. Nimempigia mimi, na unajua ninavyoichukia simu.

Tangu Mwaka Mpya nilikuwa navuta kiko kwenye banda la baiskeli kila siku. Ile mbili niliitunga tu, wala sikukiwasha kifaa. Betri ilipokuja nilipuliza: thelathini na moja. Niliona aibu hata nilipokuwa peke yangu. Miaka thelathini niliwaambia wagonjwa "acha sigara" kama mtu anayeagiza mkate, na sikumwuliza hata mmoja inavyouma. Kumbe inauma. Leo ni siku ya kumi na sita bila kuvuta. Kiko nimekitia motoni, naigombeza redio, na paka wa jirani amenihama. Nisamehe kwa kukudanganya. Nilikuogopa wewe kuliko Tarp.

Asubuhi ya leo nimepata tatu. Njoo upime mwenyewe.

Upasuaji umesogezwa hadi tarehe 7 Mei. Nilimweleza Tarp yote. Naye akasema, "Profesa, sikukupima kwa sababu ningekusogelea ungenusa koti langu. Navuta pakiti nzima kwa siku." Akauliza kwa sauti ndogo kama darasani kwenu kuna kiti.

Nimemjibu vipo viwili, ila kile cha karibu na mlango ni changu. Nitafika Jumanne na feri ya kwanza.

Baba yako