Ngoja Iishe

Nasma uko wapi. Natoka kwa bibi hapa Ngamiani, nimesimama nje ya mlango nalia kama mtoto.

Si unakumbuka alivyokuwa akitusomesha Kurani? Adhana ikilia, hata kijiko cha uji unakiweka chini. Leo nimemkuta mbele ya TV kajitanda kanga mpaka kwenye paji la uso. Eti kwenye tamthilia kuna wanaume na wanamuona.

Nikacheka. Nilicheka Nasma.

Ikaadhiniwa Magharibi. Hakuinuka. Nikamwambia bibi, adhana. Akasema ngoja iishe.

Bibi yule yule. Ngoja iishe.

Nikapandwa na hasira nikaizima. Nikamwambia watu wa kuigiza tu ndio wakucheleweshe sala? Na hiyo TV nilimnunulia mimi, Idi ya mwaka jana, ili asikae mpweke.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alisema taratibu tu, "Hawa huja kila siku saa kumi na mbili, hawajakosa hata siku moja. Yule kijana akiingia husema shikamoo mama, nami namwitikia marahaba. Wewe uliniletea hawa, mjukuu wangu, ukawa umeniaga."

Na mimi naishi Pongwe tu hapo. Pongwe, Nasma.

Akachukua birika akaenda kutawadha. Akasali. Alipotoa salamu nikamwashia TV yake nikatoka.