Kobe Aliyekaa Eda

Baba Mwanaidi,

Eda imekwisha, nimetoka nje, na kobe wako wa maji anaoza gamba. Kosa ni langu. Ni lako pia, maana hukuniambia kitu.

Siku uliyozikwa nilimwingiza chumbani na beseni lake. Nilisema wewe ndiye uliyemwokota kwenye jaruba la mpunga, basi ni mfiwa kama mimi, tukae eda wote wawili. Mapazia chini, beseni nimelifunika kanga. Miezi minne na siku kumi hakuona jua, wala hakupata pa kupanda akakauka. Dada yako alipoleta uji akakunja pua: "Wifi, huyo mdudu wako ananuka." Nikamjibu ananuka huzuni. Kumbe ni fangasi.

Aliyegundua ni Mwanaidi. Huyo huyo uliyemwambia mbele ya watu, "Msichana kusomea mifugo, utaolewa na beberu?" Sasa yuko Kisarawe kwenye mafunzo kwa vitendo, koti jeupe, wazee wenye ng'ombe wanamwita Daktari. Mimi hapa Mlandizi sinunui nyanya kabla sijalisema hilo. Alikuja Jumapili, akayaona madoa meupe mgongoni mwa kobe, akabonyeza. Pakabonyea kama muhogo uliolowekwa.

Akanifundisha, mimi wa darasa la saba, na nimeelewa yote. Gamba si nyumba anayoweza kutoka akarudi. Juu ni vigae vya kitu kama kucha, chini yake ni mfupa, na uti wa mgongo na mbavu zimeungana nao. Ukimgusa anasikia. Fangasi wameanzia juu. Wakizama mfupani, tumempoteza.

Na wewe ulikuwa ukimgonga kwa kifundo cha kidole, "Hodi humu," tunacheka. Alikuwa anasikia, mume wangu.

Kila asubuhi ulimweka juu ya tofali, juani, ndipo uende shamba. Nilikusema sana, mwanaume mzima anaanika kobe kama dagaa. Si ungenijibu? Ulinyamaza, kama ulivyokinyamazia kifua chako, ukasema ni uchovu, mpaka tukakubeba. Nina hasira na wewe. Sikufichi.

Sasa anashinda mkavu, majini anaingia saa chache tu, ale na kunywa. Namsugua taratibu kwa mswaki laini, nampaka ile dawa ya kahawia ya vidonda. Mswaki ni wako. Jana doa kubwa lilikuwa limeanza kukaza pembeni. Katikati bado. Mwanaidi anasema hata akipona, alama itabaki.

Pumzika, Baba Mwanaidi. Nakuahidi nitamtoa juani kila siku, majirani wacheke wakitaka. Na siku mwanao atakapovaa joho, nitakuja kaburini kwako nikusomee jina lake lote kama litakavyoandikwa kwenye cheti, na lako likiwa mwishoni.

Utanyamaza, najua. Umezoea.

Mama Mwanaidi