Mahadhi ya Baa katika Wimbo wa Sabato

JUMUIYA YA WAYAHUDI, NYAKATO – MWANZA
Kikao cha dharura, Jumapili 16/10/1994, nyumbani kwa Mwenyekiti

WALIOHUDHURIA: Bw. Mihayo Shimba (Mwenyekiti), Mzee Nathaniel (kiongozi wa sala), Bw. Josephat Venant (mwimbishaji), Bi. Rebeka Luhende (mjumbe), Bi. Selina Bundala (Katibu)
ASIYEHUDHURIA: Bi. Dorotea (yuko msibani Magu, alitoa taarifa)

KUMB. NA. 1/94: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:10 mchana, akaomba wajumbe wasikatizane kama mara iliyopita. Walikatizana.

KUMB. NA. 2/94: MAHADHI MAPYA
Bw. Josephat alieleza kwamba tangu apunguzwe kiwandani hupiga gitaa kwenye baa moja Usagara, na huko ndiko alikopata mahadhi aliyoyatia katika wimbo wa Kiebrania wa kuipokea Sabato Ijumaa jioni, ule unaoiita 'njoo'. Gitaa lenyewe haliguswi siku ya Sabato; huimbwa kwa sauti tu. Vijana walioacha kuja sasa wanajaa hadi barazani.

Mzee Nathaniel alisema maneno matakatifu hayavishwi nguo za ulevi. Bw. Josephat alijibu, "Samahani mzee, lakini kwa mahadhi yako tulikuwa tunasinzia." Alitakiwa kuomba radhi. Aliomba, kwa sauti ndogo.

KUMB. NA. 3/94: BI. REBEKA KUTOKA NJE
Mwenyekiti aliuliza kwa nini Bi. Rebeka hutoka wimbo huo unapoanza. Bi. Rebeka alieleza kwamba mwaka juzi alimfuata mumewe, Luhende, katika baa hiyo. Muziki huohuo ulikuwa unapigwa. Luhende alimwambia mbele ya watu, "Sikujui mama," akaendelea kucheza. Hajarudi mpaka leo.

"Nyinyi mnaimba 'njoo'," alisema, "mimi nasikia 'sikujui'."

Bw. Josephat alikiri kwamba siku hiyo ni yeye aliyekuwa akipiga. Alimwona mama akitoka. Hakuacha kupiga.

KUMB. NA. 4/94: UAMUZI
Bw. Josephat alisema anauondoa wimbo. Bi. Rebeka alikataa: "Binti yangu Kija amerudi kwenye sala kwa ajili ya wimbo huo. Ukiuondoa, naye ataondoka."

Kura haikupigwa. Mzee Nathaniel alisema Ijumaa atatoka na Bi. Rebeka, wauimbe barazani kwa mahadhi ya zamani. Bw. Josephat aliuliza ndani ataongoza nani.

"Wewe," Mzee alimjibu. "Na mlango usiufunge."

Kikao kilimalizika saa 10:25 jioni.

M. Shimba, Mwenyekiti ..............
S. Bundala, Katibu ..............