Metali Zilizokuwa Bado Nzuri

Mpendwa baba,

Mama bado yumo kwenye eda, haendi popote, kwa hiyo mambo ya garaji yaliniangukia mimi. Najua ungecheka. Mimi ambaye hata dukani muuzaji huinama ndipo anisikie.

Lori lako tuliamua kuliuza. Mnunuzi ni kijana wa Kihesa, kule Iringa, anataka kubeba mchele wa Rujewa kama ulivyokuwa ukibeba wewe. Aliomba tu ile gasketi ya silinda hedi iliyoungua wiki uliyolazwa ibadilishwe kwanza. Fundi Ambakisye alipofungua akakuta maji yameingia kwenye oili, ikabidi afungue na chini. Akaniita.

"Binti, na metali za kranki nibadilishe, au nifunge hivi hivi? Hazijaanza kugonga."

Nilikukumbuka ukiwa chini ya lori hilo hilo, Rujewa, likizo niliyosafiri na wewe. Nilikuwa nasoma ndani ya kebini. Ukaniita kwa utani, "Mwalimu, shuka uone kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vyako." Ukaniwekea kiganjani kipande chembamba cha chuma, kimepinda kama nusu mwezi, bado kina joto. Ukasema kranki nzima inazungukia humo. Ukakipitishia ukucha, ukasema ni kizima. Halafu ukaweka kipya. Nilipouliza kwa nini, ulinishangaa.

"Si nipo chini tayari?"

Baba mdogo hakutaka kusikia habari za metali mpya. Alikuja nyumbani, mtaani kwetu Soweto, akaongea na mama kupitia mlangoni. "Shemeji, gari la kuuza unalivalisha suti ya nini? Huyo kijana atazionea wapi hizo metali?"

Mama akasema, "Mimi metali sizijui. Muulize huyo, ndiye alikuwa anashuka na baba yake chini ya gari."

Baba mdogo akanigeukia. Nilisema zibadilishwe. Nilisema maji yakishaingia kwenye oili hakuna anayejua yameharibu nini, na kwamba huyo kijana ataendesha akiwa na mzigo, labda na mtu pembeni. Baba mdogo akaniambia nimeanza kuongea kama marehemu, akavaa viatu akaondoka.

Lakini wewe nikuambie ukweli. Sijui kama nilisema vile kwa ajili ya kijana wa Kihesa. Ilikuwa lazima spea ziagizwe, na zikiagizwa lori linabaki garajini. Kila siku nilipotoka shule nilipitia pale, nikapanda kebini, nikafungua kitabu. Sikusoma sana. Harufu yako ilikuwa bado imo, ya oili na tangawizi. Fundi Ambakisye hakuniuliza kitu, alinifungulia tu mlango.

Alipozitoa metali za zamani alinionyesha. "Hizi zingeenda bado," akasema. Kwa hiyo huenda baba mdogo alikuwa sahihi. Nilingoja nione kama nitajuta, sikujuta.

Jana mnunuzi alikuja. Ni mpole, alinisalimia vizuri na kunipa pole. Aliwasha, injini ikaitika mara moja, akatabasamu kwa aibu kama mtu aliyepewa kitu kikubwa kuliko alivyotegemea. Kisha akakunja uso kidogo. Miguu yake haikufika vizuri kwenye pedali, wewe ulikuwa mrefu. Akainama, akatafuta kishikio, akasogeza kiti mbele.

Kiti hicho hakuna aliyekuwa amekisogeza tangu ulipoondoka. Hata mimi nilikuwa nakaa upande wa abiria.

Jioni mama aliniuliza lori limeondokaje. Nilimwambia limeondoka vizuri, injini imetulia, kijana ameshukuru. Habari ya kiti sikumwambia. Nimekuandikia wewe, maana sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Pumzika, baba. Mama nipo naye.

Binti yako