Picha ya Ishirini na Saba

Machi 4

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, mikono tu imechubuka kwa sabuni ya kufulia mashuka ya hoteli. Nakutumia kamera ya kutumia mara moja na kutupa. Ina picha ishirini na saba. Zikiisha usiifungue, irudishe nizisafishe huku. Nina hamu ya kukuona.

Mwanao

Juni 20

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru Mungu. Anayeniandikia ni jirani yule yule, na mdomo wake unaujua (kaandika hilo huku anacheka). Kamera hiyo inakuja. Imekaa miezi mitatu, maana kila nikibonyeza nasikia uchungu kwamba moja imekwenda. Ya mwisho nimejipiga mwenyewe. Itazame vizuri, kisha unijibu.

Mama yako

Agosti 15

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenibana. Picha zimetoka safi! Ya mwisho imenifurahisha kuliko zote, umependeza kama bibi harusi.

Mwanao

Desemba 2

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu si nzuri. Uvimbe wa shingoni umeishinda skafu, hata jirani ameuona, kwa hiyo sasa naweza kuutaja. Mwezi wa sita ulikuwa kama ndimu. Niliona haya kuusema mbele ya anayeniandikia, nikavua skafu nikajipiga picha kwenye kioo cha wateja, uniambie niende hospitali au nisiende. Uliposema nimependeza nikajua hauna neno, nikaendelea kushona. Daktari anasema nimechelewa. Usijilaumu, macho ya mtu hukosea.

Mama yako

Desemba 19

Mama,

Shikamoo. Jirani, tafadhali soma yote, usinisitiri.

Macho yangu hayakukosea, Mama, maana hayakutazama kitu. Kusafisha picha huku ni ghali kuliko kamera yenyewe. Nikasema mwezi ujao, na mwezi ujao nikanunua viatu. Kamera ilikaa kabatini kazini, chini ya aproni. Nilikudanganya.

Jana nimezisafisha. Cherehani ipo, mlango wetu upo, na magauni ya watu. Ya mwisho mwanga umekula nusu ya uso wako, lakini shingo inaonekana wazi. Hata fundi wa picha aliniuliza, "Huyu mgonjwa alipona?" Nilichukua bahasha nikatoka.

Naona aibu, Mama. Nimeomba ruhusa kazini, nafika tarehe tano, tutakwenda wote kwa daktari. Siku hiyo usivae skafu. Nataka kukutazama.

Mwanao, kama bado unaniita hivyo