Mkaa Chumba cha Kumi na Moja

Usijifanye hujui. Wewe ndiye kiongozi wa bweni, na muhula uliopita ulipita mlangoni kwa hao wa chumba cha kumi na moja ukasema eti unasikia manukato. Sijasahau.

Nimetoka huko sasa hivi. Shisha katikati, mkaa unawaka, madirisha yamefungwa, taulo chini ya mlango ili mlezi wa bweni asinuse kitu.

Mpishi wa huo moshi ni yule dada wa uuguzi, mwaka wa tatu. Uuguzi, ndugu yangu. "Moshi unapita kwenye maji, unaoshwa," akanifundisha.

Mdogo wako naye yumo, analalamika kichwa kinamgonga. Akaambiwa, "Ndiyo ladha ya tufaha hiyo, mgeni."

Nikasema hewa ya mkaa itawaua. Wakanisukuma nje, wakajifungia.

Unaoshwa, eti.

Ufunguo wa akiba unao wewe. Panda sasa, fungua madirisha, mtoe mdogo wako. Utanijibu baadaye.