Bibi Harusi Hayumo Pichani

Mama, shikamoo.

Dodoma ni vumbi na upepo wake ule ule. Leo nimempata yule mpiga picha wa Chang'ombe aliyepiga harusi yetu. Unajua huko Ulaya wanataka picha ya siku ya ndoa, mimi na mume wangu pamoja, ndipo waniruhusu kumfuata. Ametoa zote. Kila moja ni mume wangu na marehemu baba, wameshikana mikono mbele ya shehe.

Akaniambia: "Wewe ulikuwa ndani, mwanangu. Ndoa zetu ndivyo zilivyo."

Nilikuwa ndani kweli, nimelala mapajani mwako nalia. Picha hiyo hakuna aliyeipiga.

Zabibu zako nimenunua. Nibusie Zuhura. Akiuliza lini tunakwenda kwa baba yake, mwambie mama anakuletea picha ya babu akicheka.

Mwanao,
Mwajuma